Kabila la Mtoto na Daftari la Shule

Je, yafaa shule ijue mtoto ametoka katika watu gani? Na ikiisha kujua, ujuzi huo ni mali ya nani: ya mwalimu aliyeuliza, ya serikali iliyomtuma, ya mzazi aliyejibu, au ya watu wote wanaotajwa kwa jina moja na mtoto yule? Maswali haya mawili hufuatana kama mtu na kivuli chake, na ajibuye la kwanza akaliacha la pili amejibu nusu, tena nusu iliyo nyepesi. Nayauliza juu ya Mkoa wa Songwe, na hasa juu ya Tunduma, kwa sababu pale jibu la mtoto mmoja laweza kumpatia mwalimu anayemwelewa, na laweza vile vile kumpatia mashaka yasiyokwisha.

Mkoa wenyewe ni mchanga. Ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Watu wake ni wakongwe. Wanyiha wamekaa Mbozi, Wanyamwanga na Wawanda wamekaa Momba, Wandali na Walambya wako Ileje, na Wabungu wako katika Wilaya ya Songwe upande wa Ziwa Rukwa. Juu ya hao wameongezeka Wanyakyusa, Wasafwa, Wakinga, Wabena, na Wasukuma waliofuata malisho ya ng'ombe wao mpaka bondeni. Tunduma imewapokea wote. Ni mji wa barabara kuu iendayo Zambia, wa reli ya TAZARA iliyokamilika katika miaka ya 1970, wa malori yanayosimama foleni, na wa watu wanaobadili shilingi kwa kwacha tangu asubuhi. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Na Tunduma imepona kwa wageni wengi hata imekuwa kazi kusema mwenyeji ni yupi.

Ugumu huo haukuanzia sokoni. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya juu ya nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mwaka 1898 tume yao ikaja kupima mpaka, na mwaka 1901 mapatano yakatiwa sahihi. Mstari ule ulipita Unyamwanga kama panga lipitavyo katika mgomba. Waliokuwa upande mmoja wakawa raia wa Wajerumani, kisha wa Waingereza, kisha Watanganyika na Watanzania. Ndugu zao wa upande wa pili wakawa watu wa Rhodesia ya Kaskazini, na tangu mwaka 1964 ni Wazambia. Hakuna aliyewauliza. Hata leo bibi akaaye Nakonde ana wajukuu Tunduma, na msiba wa upande huu hupikiwa na watu wa upande ule. Kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa mwaka 2019 kimepunguza taabu ya wenye malori. Udugu ulikuwa umekwisha kuvuka zamani kwa njia za mashambani.

Sasa tazama daftari la darasa. Kwa desturi ya Wanyamwanga, jina la ukoo huanza kwa Si- kwa mwanamume, na jina lile lile huanza kwa Na- kwa mwanamke: kaka ni Simukonda, dada yake wa tumbo moja ni Namukonda. Mwalimu aliyetoka mbali, asiyejua mila hiyo, huwadhani kuwa watoto wa baba wawili. Anayeijua nusu huwa na dhana mbaya zaidi, maana huliona jina lile akakumbuka kwamba limejaa Nakonde, akamwuliza mtoto mbele ya wenzake kama yeye ni wa hapa au wa ng'ambo. Mtoto hajui uzito wa swali. Huenda akasema kwa furaha kwamba bibi yake yuko Nakonde na kwamba alikwenda kumsalimu wakati wa likizo. Amesema kweli, na kweli hiyo yaweza kumfuata mpaka siku atakapoomba kitambulisho cha taifa, na karani akamtaka alete ushahidi ambao mwenzake mwenye jina la mahali pengine hakutakiwa kuuleta. Kwa hiyo jina peke yake lilikwisha kujibu kabla ya mdomo. Inatupasa kukumbuka jambo hili kila tusikiapo mtu akisema kwamba shule zetu hazijui makabila ya watoto. Zinajua kwa kubahatisha. Na ujuzi wa kubahatisha hauna mwenye kuuwajibikia.

Taifa letu lilichagua kunyamaza juu ya jambo hili, na kunyamaza kwake kulikuwa na hekima. Sensa za mwaka 1948 na 1957 ziliuliza kabila, na serikali ya kikoloni ikachapa orodha ya makabila zaidi ya 120. Baada ya uhuru sensa ya mwaka 1967 iliuliza tena. Baada ya hiyo swali likaondolewa, wala halikurudi hata katika sensa ya mwaka 2022. Mamlaka ya machifu yalikuwa yamekwisha kufutwa kwa sheria mwaka 1963. Mwalimu Nyerere, alipowahutubia wafanyakazi mjini Mbeya katika sikukuu ya Mei Mosi ya mwaka 1995, aliwafanyia dhihaka watu waliotaka kujua kabila la mgombea, akiwauliza wanalitakia nini kama si matambiko. Watu walicheka, na kicheko kile kilikuwa cha watu waliokubali.

Asiyeamini hekima hiyo na awatazame jirani zetu wa Rwanda. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliwahesabu watu, wakaandika kabila la kila mmoja katika kitambulisho chake. Neno moja liliandikwa na karani, pengine kwa haraka, likarithiwa na watoto na wajukuu. Mwaka 1994 watu waliosimama vizuizini na mapanga hawakuhitaji kumjua aliye mbele yao; walihitaji kusoma tu. Karani wa kwanza alikuwa amekufa zamani, na yamkini hakuwa na nia ya kuua mtu. Nasema hivi kwa sababu wapo waungwana wanaodhani kwamba nia njema ya mwandishi huilinda orodha. Orodha hudumu kuliko nia ya aliyeiandika. Mwandishi huhamishwa, hustaafu, hufa. Kabati hubaki, na ufunguo hupewa mwingine.

Walakini kunyamaza nako kuna gharama, na wanaoilipa ni wadogo. Chukua mtoto wa miaka sita au saba katika kijiji cha ndani cha Momba au katika milima ya Ileje. Ametumwa, amekanywa, amebembelezwa na kusimuliwa hadithi kwa lugha ya nyumbani. Kiswahili amekisikia redioni na kwa wapita njia. Siku ya kwanza ya Darasa la Kwanza anakutana nacho kama maji ya mto uliofurika: herufi ni kwa Kiswahili, hesabu ni kwa Kiswahili, na kukemewa ni kwa Kiswahili. Anakaa kimya. Mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake anauona ukimya, haoni sababu yake, na katika moyo wake anamwandika kuwa mzito. Mwaka unakwisha, na yule asiyekuwa na kasoro yoyote isipokuwa kuzaliwa katika lugha yake anabaki nyuma ya mtoto wa mjini, aliyekuja shuleni akiwa na Kiswahili mdomoni tayari. Halmashauri inapata matokeo ya mtihani, na katika matokeo hayo ugonjwa huu hauna jina. Na ugonjwa usio na jina hautafutiwi dawa.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walioandaa Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa mwaka 2009, walionyesha kwamba nchi hii ina lugha zipatazo 150, wakazichora katika ramani wilaya kwa wilaya. Kazi ile ilikuwa na faida kubwa. Lakini ramani ya wilaya haimwambii mwalimu ni watoto wangapi katika darasa lake wanaohitaji miezi michache ya kushikwa mkono. Huyo anahitaji kujua, na hawezi kujua asipouliza. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wale wanaosema kwamba, maadam kabila limetuletea salama kwa kutotajwa, basi kila kitu kinachofanana na kabila kisitajwe. Kunyamaza kunaweza kuwa heshima, na kunaweza kuwa uvivu uliovaa kanzu ya heshima.

Wenzetu wa Marekani wamelishughulikia swali hili kwa muda mrefu, nasi twaweza kujifunza kwao bila kuwafuata. Huko wenyeji wa asili, wale waliokuwapo kabla ya Wazungu kufika, wana mataifa yao yenye serikali, yenye mikataba iliyotiwa sahihi na dola, na yenye orodha za watu wao. Kwa sheria ya mwaka 1972 shule za umma hupewa fedha kwa ajili ya elimu ya watoto wao, na mzazi hujaza karatasi ya kulitaja taifa la mtoto. Jambo linaonekana rahisi. Lakini kwa miaka mingi mtoto aliyetaja asili mbili alihamishiwa safu ya watu wa mchanganyiko, na hesabu ya taifa lake ikapungua kwa kalamu tu, pasipo mtu kufa wala kuhama. Tena habari za watoto hao zilipelekwa kwa wakuu wa elimu na kwa watafiti, zikachapwa katika vitabu vya takwimu, na mataifa yenyewe yakawa ya mwisho kuzisoma, kama mwenye shamba anayeuziwa mahindi yake mwenyewe. Ndipo wazee na wasomi wao wakadai kwamba habari za watu wao ni sehemu ya mamlaka yao kama ilivyo ardhi: wao ndio waamue kiulizwe nini, kitunzwe wapi, kisomwe na nani. Wamaori wa New Zealand na wenyeji wa Kanada wamedai vivyo hivyo.

Dai hilo ni la haki. Lakini likiletwa Tunduma kama lilivyo litakosa mahali pa kukaa. Serikali yetu hushika msimamo kwamba Waafrika wote wa nchi hii ni wenyeji wa asili, ingawa ilipiga kura ya kuliunga mkono Azimio la Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu wa Asili mwaka 2007, na ingawa Wahadzabe wa Bonde la Yaeda na wafugaji wa kaskazini wana hoja nzito kwamba wao wamepungukiwa kuliko wengine. Hapa Songwe hakuna kabila lenye serikali. Tukisema kwamba habari za watoto wa Kinyamwanga ni mali ya Wanyamwanga, ataulizwa nani? Chifu? Mamlaka yake yalifutwa mwaka 1963, na sioni mtu mwenye akili atakayetaka kuyafufua ili yalinde madaftari. Chama cha watu wa kabila fulani kilichosajiliwa mjini? Hicho huwa cha wenye nafasi, na mama mwenye shamba la ulezi kijijini hajawahi kualikwa. Na yule mtoto wa Kisukuma aliyezaliwa Kamsamba, ambaye Kiswahili kinamsumbua sawasawa na mwenzake wa Kiwanda, habari zake zitatunzwa na watu walioko Shinyanga?

Huyu mtoto wa Kisukuma ananifundisha jambo ambalo vitabu havikunifundisha. Kwa kipimo cha asili yeye ni mgeni, na mwenzake wa Kiwanda ni mwenyeji; pengine baba zao wamegombania malisho na mashamba. Kwa kipimo cha darasa wao ni ndugu pacha, maana wote wawili hawajaelewa alichosema mwalimu. Shule ikiuliza kabila itawatenga wale ambao haja yao ni moja. Ikiuliza lugha ya nyumbani itawakuta wamekaa dawati moja. Kwa hiyo swali la haki kwa shule zetu halihusu mtoto ni nani. Linahusu anasikia nini. La kwanza linagusa nafsi, ukoo na mpaka. La pili linagusa kazi ya mwalimu, na mwalimu hana ruhusa ya kuuliza lisilo kazi yake.

Najua itasemwa kwamba lugha ni kabila lililojificha. Ni kweli kwa kiasi. Anayesema Kinyamwanga nyumbani aghalabu ni Mnyamwanga, na mwenye hila ataweza kusoma kabila katika safu ya lugha. Basi kubadili swali hakutoshi. Inabaki kuamua jibu litakuwa la nani.

Hapa mfano wa Kenya unafaa. Wamakonde waliokaa Kwale na pwani tangu enzi za mashamba ya katani waliishi miaka mingi bila vitambulisho, kwa sababu hawakuwamo katika orodha ya makabila. Mwaka 2016 walitembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai waandikwe; wakaandikwa, wakaitwa kabila la 43. Kwao kuandikwa kulikuwa ukombozi. Miaka mitatu baadaye, serikali ile ile ilipoanza kuandikisha watu wote kwa Huduma Namba, Wanubi, ambao nao wamehangaika mno na vitambulisho, walikwenda mahakamani kuipinga. Na Januari 2020 Mahakama Kuu ikakataza kukusanywa kwa vinasaba na alama za mahali watu wanapoishi, ikataka sheria iwekwe kwanza ndipo kazi iendelee. Mtu asidhani kwamba Wamakonde walipenda orodha na Wanubi wakaichukia. Wote walidai kitu kimoja: wasiandikwe wala kuachwa bila wao kuwa na neno.

Neno tulilo nalo katika Kiswahili kwa mali ya namna hii ni amana. Aliyewekewa amana anaishika, anaijua, anaweza hata kuitumia kwa kadiri alivyoruhusiwa. Lakini haiuzi, haigawi, na mwenyewe akija kuitaka haulizwi sababu. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imekaribia maana hiyo, kwa kuwa imeziweka habari za watoto, na habari zinazofichua asili ya mtu, katika fungu la taarifa nyeti, ikataka idhini iliyoandikwa. Naisifu sheria. Lakini idhini ina siri yake. Fikiri mama amesimama mbele ya meza ya mwalimu mkuu, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, anasukumiwa karatasi na kuambiwa aweke sahihi. Atakataa vipi? Anahitaji nafasi ya mwanawe shuleni. Sahihi yake itakuwapo na hiari yake haitakuwapo, na karani ataweka karatasi kabatini akiamini kwamba sheria imetimizwa.

Ndiyo maana naona idhini ya jambo hili isianze kwa mama mmoja mbele ya meza. Ianze katika mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa, mbele ya watu wote, wenyeji na wahamiaji, mahali ambapo mzee aweza kusimama na kumwuliza mwalimu: Wataka kujua lugha za watoto wetu, utazifanyia nini? Na mwalimu alazimike kujibu. Akiwa na jibu, kwamba atapanga dawati, atatafuta mtu wa kijiji wa kumsaidia miezi ya kwanza, ataiomba halmashauri mwalimu ajuaye Kinyiha, basi watu watapima. Akiwa hana jibu, ila ameletewa fomu kutoka juu, basi arudi nayo. Shule isiulize jambo ambalo haikujiandaa kulitendea, maana kumwuliza mtu shida yake na kumwacha nayo ni dhuluma ndogo, nayo hukua kila inaporudiwa.

Majina yabaki kwa mwalimu wa darasa, na yafutwe mtoto akiisha kukijua Kiswahili. Kinachopanda kwenda halmashauri kiwe hesabu peke yake, nayo isomwe kwanza kijijini ilikotoka. Tena hesabu yenyewe ina mtego: penye watoto arobaini wa Kinyiha na wawili wa Kilambya, wale wawili wametajwa kwa majina ingawa hayakuandikwa, basi hesabu ndogo kama hizo ziunganishwe au zisitajwe. Mzazi aweze kutaja lugha mbili au tatu, kwa kuwa nyumba nyingi za Tunduma zina baba Mndali, mama Mnyamwanga na jirani Mnyakyusa, na mtoto husikia zote. Aweze pia kukataa, na mtoto wake asipungukiwe kitu. Na daftari hilo lisifunguliwe kwa afisa wa uhamiaji kwa sababu yoyote. Uhamiaji una kazi yake halali na njia zake za kuifanya. Mlango wa darasa si mmoja wa njia hizo. Siku wazazi watakapoona kwamba jibu lililotolewa kwa ajili ya kusoma limetumika kwa ajili ya kupekua uraia, watoto watakaokosekana darasani kesho yake watakuwa wale wale tuliotaka kuwasaidia.

Mtawala atasema kwamba huko ni kumfunga mikono, kwamba mipango ya nchi haifanyiki kwa habari zinazofutwa. Hoja yake ina uzito katika mambo ya dawa na ya madawati. Katika jambo hili naipunguzia uzito, kwa sababu anachohitaji kupanga ni walimu, na walimu hupangwa kwa hesabu. Jina la mtoto halimwongezei mwalimu hata mmoja.

Linabaki swali moja gumu. Mkutano wa kijiji ukikataa kabisa, je? Watu wa mpakani wana sababu za kukataa. Wameulizwa mengi na wengi, na si kila aliyeuliza aliwatakia heri. Basi wakikataa, shule iheshimu, isiandike. Kukataa kwao hakumwondolei mwalimu wajibu. Watoto wangali mbele yake, na ukimya wao haukuhitaji daftari ili usikike. Aweza kujifunza salamu za kijiji kile, na hesabu ya moja mpaka kumi, na maneno ya kaa, njoo, soma, usiogope. Jioni moja kwa juma aweza kukaa barazani kwa jirani na kuyauliza, akiwa yeye ndiye mwanafunzi, na wale watakaomfundisha wataamua wenyewe wamwambie kiasi gani.